Tangi la udongo au tangi la sponji: lipi litakusumbua kidogo?

Mdogo wangu amehamia Iringa kikazi, amepanga nyumba ya vyumba viwili, na kila akija Dar anakaa mbele ya matangi yangu ya samaki mpaka chai inampoa mkononi. Safari ya mwisho akauliza swali ninaloulizwa na karibu kila mgeni: "Dada, na mimi nataka langu, lenye majani na samaki wadogo, ila muda wa kulihangaikia kila siku sina. Nitengeneze lipi kati ya haya?"

Haya anayoyasema yako sebuleni kwangu, Tabata, yamekaa ubavu kwa ubavu juu ya meza ya mninga. Yote yana urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35, yaani lita 63 yakijaa hadi ukingoni. La kushoto lina udongo wa bustani uliofunikwa mchanga, mimea imesongamana hadi kioo cha nyuma hakionekani, na filta halina. La kulia lina changarawe tupu, mimea iliyofungwa kwenye mawe na kipande cha gogo, na filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa.

Nalipenda zaidi la kushoto. Lakini yeye nilimwambia atengeneze la kulia, na sababu zangu hazihusu uzuri wa tangi. Zinahusu umeme, maji ya bomba, baridi, na kama nyumba ni yako au ya kupanga.

Nani anakula uchafu

Samaki akila, anatoa kinyesi na amonia. Amonia ni sumu kwake, hata ikiwa kidogo. Kwa hiyo kila tangi lazima liwe na mtu wa kuifagia, na hapo ndipo matangi haya mawili yanapoachana njia.

Kwenye tangi la sponji mfagiaji ni bakteria. Wanajishikiza ndani ya vitundu vya sponji, wanageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia. Nitrati haiendi popote. Inajilimbikiza mpaka wewe uitoe kwa ndoo. Ndiyo maana tangi la sponji linadai kubadilishiwa maji mara kwa mara: bakteria wamefanya kazi yao, sehemu iliyobaki ni yako.

Kwenye tangi la udongo mfagiaji mkuu ni mmea wenyewe. Mimea mingi ya majini inapenda kufyonza amonia moja kwa moja kabla haijageuka kuwa kitu kingine, inaifanya majani. Uchafu unaoutoa wewe ni yale majani unayoyapunguza kwa mkasi. Udongo chini unaoza polepole, unaachia virutubisho kwa mizizi na hewa ya ukaa kwa majani, hivyo hununui mbolea. Aliyeieleza njia hii kwa kina ni Mmarekani Diana Walstad, mwaka 1999, na wafugaji wengi wa samaki wa mapambo bado wanaiita kwa jina lake.

Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini tangi la udongo lenye mimea mitatu iliyokonda ni hatari. Umeondoa filta na hujaweka mbadala. Mimea iwe mingi tangu siku ya kwanza, na iwe ile inayokua haraka.

Siku ya kutengeneza

La udongo linachosha siku moja, kisha linakuacha upumzike. Nilichukua udongo wa kawaida wa uani, sehemu ambayo haijawahi kuwekwa samadi wala mbolea ya dukani. Samadi ndani ya maji inatoa amonia nyingi mno, na punje za urea zitaua kila kitu. Nikaupepeta kwa chekeche kuondoa mizizi, vijiti na mawe, nikaulowesha mpaka ukawa tope zito, nikautandaza unene wa sentimita tatu. Juu yake sentimita tatu za mchanga wa mto ulioshwa mpaka maji yanatoka meupe. Nasisitiza wa mto. Mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe na matumbawe vinavyozidi kuyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi.

Kupanda kwenyewe fanya maji yakiwa ya kina cha vidole vinne tu, kisha weka sahani juu ya mchanga na umimine maji juu ya sahani, polepole, ili yasichimbe. Wengi hawana subira na hatua hii, wakikurupuka tope linapanda na tangi linakuwa kama mtaro wakati wa masika. Hata ukifanya vizuri, wiki mbili tatu za mwanzo maji yatakuwa na rangi ya chai ya rangi. Usitishike. Badilisha nusu ya maji kila baada ya siku chache na yatasafika.

Kuna jambo moja la udongo ambalo ni vizuri ulijue mapema. Kwa kuwa hewa haifiki chini, baadhi ya sehemu zinatengeneza gesi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nachukua kijiti cha mshikaki na kukichomeka taratibu kwenye mchanga mara moja kwa wiki. Siku moja kikatoka na mapovu makubwa matatu, na harufu ya mayai viza ikajaa sebule nzima. Mizizi ilipotanda, mapovu yale yakaisha, kwa sababu mizizi inapeleka hewa chini.

La sponji ni kazi ya saa moja. Osha changarawe, funga mimea kwa uzi wa kushonea juu ya mawe, tumbukiza sponji, unganisha mpira wa hewa, jaza maji.

Kinachokuja baadaye ndicho kinachochukua muda: kusubiri. Bakteria wa sponji mpya huchukua kama wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Ukipata sponji iliyotumika kwenye tangi la rafiki lenye samaki wazima, unaweza kuuvuka muda huo karibu wote. Tangi la udongo nalo liache wiki tatu au nne mimea ishike, uone majani mapya, ndipo uanze na samaki wawili watatu tu.

Katika kusubiri huko, funika tangi kwa kipande cha chandarua. Maji yaliyotulia bila samaki ni kiwanda cha mbu, na katika joto la Dar yai la Aedes, mbu anayeeneza dengi, linafika kuwa mbu mzima kwa siku saba hadi kumi hivi. Samaki wakishaingia, viluwiluwi hao hao wanakuwa karamu yao.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo nilipojifunza mengi kuliko kwenye maelezo yoyote, na mwalimu wangu alikuwa mgao wa mwaka 2023.

Sponji bila hewa haichuji. Saa mbili tatu si neno. Ikifika saa sita, nane, bakteria waliomo ndani wanaanza kukosa oksijeni na kufa, na umeme ukirudi pampu inasukuma uchafu huo kwenye tangi. Dawa ni pampu ya hewa ya betri, au kuitoa sponji na kuiacha ielee juu ya maji, mahali inapogusa hewa.

Jambo la pili lilinitokea usiku wa manane. Pampu nilikuwa nimeiweka sakafuni, chini ya meza. Umeme ulipokatika, maji yakarudi kwa njia ya mpira ule ule wa hewa, yakashuka kimyakimya. Niliamka asubuhi nikakanyaga zulia linalobubujika maji, na pampu imekufa. Iweke pampu juu kuliko usawa wa maji, au weka kwenye mpira ile vali ndogo ya plastiki inayozuia maji kurudi. Ni kitu cha bei ndogo sana.

La kushoto usiku ule halikujua kama kuna mgao. Lakini sitaki udhani kwamba halina udhaifu. Mmea unatoa oksijeni kukiwa na mwanga. Gizani nao unaivuta kama samaki. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 miligramu 7.5 tu, na Februari ya Dar maji yangu yanagonga 30 bila hita yoyote. Tangi lililosongamana mimea, likajazwa na samaki wengi, usiku wa joto, hufika alfajiri samaki wako juu wanatwetea. Nilipokuwa na samaki 25 niliwaona hivyo mara mbili. Nilipopunguza wakabaki 10, sijawaona tena. Tangi hili nimeliweka pia mahali linapopata mwanga wa dirisha bila jua lenyewe kulipiga, ili taa ikizimika mimea isikae gizani siku nzima.

Kwa upande wa LUKU tofauti ni ndogo. Pampu ya wati 4 ikikesha mwezi mzima haimalizi yuniti tatu. Taa ya LED ya wati 15 kwa saa nane kila siku ni yuniti 3.6. La udongo linahitaji taa kali kidogo, la sponji linatosheka na hafifu, mwisho wa mwezi yanakaribiana.

Maji unayoyapata

Kabla hujanunua hata samaki mmoja, jua maji yako. Ya bomba yana klorini, inayoua bakteria wa sponji na kuchoma matamvua ya samaki. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24 ndipo uyatumie. Ikiwa ninyi mnatumia kisima, kama sisi wengi wa Dar, klorini hakuna lakini maji mara nyingi ni magumu na katika mitaa mingi yana chumvi.

Tangi la udongo ambalo hulibadilishii maji mara kwa mara lina mtego hapo. Maji yanapokauka, chumvi haikauki nayo. Ukijazia maji ya kisima kila wiki kwa mwaka mzima, unaongeza chumvi juu ya chumvi. Mimi najazia maji ya mvua niliyoyakinga kutoka bati, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa, na kila mwezi au miezi miwili nabadilisha nusu ya tangi. La sponji linasamehe zaidi katika hili kwa sababu robo ya maji, kama lita 15, inatoka kila wiki.

Hiyo lita 15 ndiyo kazi yake kubwa. Jumamosi asubuhi: mpira, ndoo, dakika ishirini. Sponji yenyewe naikamua mara moja kwa mwezi ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa tangini. Kamwe si chini ya bomba, maana klorini itafuta kazi ya wiki sita kwa dakika moja. La udongo wiki nyingi naongeza maji tu na kukata majani. Mkasi ukikaa mwezi bila kutumika, majani yanayoelea yanafunika uso wote na ya chini yanakosa mwanga.

Samaki gani

Watu wengi huanza na samaki kisha wakamtafutia tangi. Geuza. Maji yako na hali ya hewa yako ndivyo vitakavyokuchagulia.

Kwa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, nasema gapi bila kusita. Anapenda maji magumu, anavumilia chumvi kidogo, joto la nyuzi 28 halimsumbui. Dume ana sentimita tatu hivi na mkia wa rangi zote. Tatizo lake ni uzazi: jike anazaa karibu kila mwezi, na akishapandwa mara moja huweza kuhifadhi mbegu na kuzaa tena miezi kadhaa bila dume. Kwa tangi la kupunguza kazi, chukua madume peke yao, nane au kumi. Hutakuja kuulizana na majirani nani achukue watoto.

Tetra neoni, yule wa mstari wa buluu unaowaka, anatoka Amazonia ya juu, kwenye maji laini yenye uchachu. Dukani ni mzuri mno, lakini kwenye maji ya kisima ya Dar yenye nyuzi 30 anamalizika mapema. Nairobi au Arusha nyumba isiyo na joto kali atakaa vizuri zaidi, mradi maji ni laini, na wawe sita kwenda juu, kwa sababu peke yake anajificha.

Beta, samaki wa Thailandi mwenye mapezi kama kanga inayopeperuka, anavuta hewa ya juu ya maji kwa kiungo maalumu, kwa hiyo ukosefu wa oksijeni usiku wa mgao haumtishi kama wengine. Dume mmoja tu kwa tangi, na usimchanganye na gapi wenye mikia mirefu. Atawadhania ni wapinzani.

Kwa Iringa, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako Juni na Julai watu wanalala na mablanketi mawili, gapi atahitaji hita. Danio wa mistari, wa kutoka Asia Kusini, anavumilia mpaka nyuzi 18, ni mchangamfu na hana makuu. Ndiye niliyemchagulia mdogo wangu.

Kuna mwenyeji wetu ambaye moyo wangu unamtaka kila mara: Nothobranchius guentheri wa Unguja. Anaishi kwenye madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka samaki wote wanafa, mayai yanabaki kwenye tope kavu yakisubiri mvua ijayo. Dume wake ana mkia mwekundu usioamini kama ni wa dimbwi la kando ya shamba. Lakini maisha yake ni mafupi, hata ukimlea vizuri mara nyingi hamalizi miaka miwili, madume wanagombana, na kumzalisha kunataka kuhifadhi mayai kwenye udongo wenye unyevu. Si samaki wa mtu asiye na muda. Nikistaafu.

Perege usimlete, hata awe mdogo kama ukucha. Atakua, atachimba, atang'oa kila kitu. Samaki wa dhahabu vilevile, na mbuna wa Ziwa Nyasa wana uzuri wao kwenye tangi la mawe, si la majani.

Mimea, na mahali pa kuitoa

Kwenye tangi la sponji weka Anubias, mmea wa Afrika ya Magharibi na Kati wenye majani magumu ya kijani kibichi. Unakua polepole mno, jani moja kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mkasi hautauhitaji. Shina lake nene lilalalo lisifukiwe kwenye changarawe, litaoza. Lifunge juu ya jiwe. Kangaga wa Java, mmea ambao madukani huitwa Java fern, anafungwa hivyo hivyo. Kwa sababu mimea hii miwili inakua taratibu, ukiipa mwanga mwingi mwani unatanda juu ya majani yake. Saa sita za taa zinatosha.

Kwenye la udongo weka Vallisneria, majani marefu kama utepe, na Ceratophyllum demersum inayoelea bila mizizi na kukua haraka ajabu. Yote miwili inaota yenyewe katika Ziwa Victoria. Hapo ndipo kishawishi kinapoanza: kwa nini ninunue wakati ipo ziwani? Kwa sababu ya kichocho. Konokono wa jamii ya Biomphalaria na Bulinus wanaobeba minyoo hiyo wanaishi kwenye mimea hiyo hiyo, na mikono yako itakuwa ndani ya tangi kila wiki. Chukua mimea kutoka tangi la mfugaji mwenzako. Yangu nimegawa kwa watu wasiopungua kumi.

Na ukipunguza majani, yatie kwenye mboji au yakaushe juani. Usiyatupe mtoni wala mtaroni, na gapi usimwachie huko. Tumeona gugu maji lilivyoziba ghuba za Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na huo nao ulikuwa mmea wa mapambo kutoka Amerika Kusini.

Kwa nini yeye, la kulia

Amepanga, na mkataba wake ni wa mwaka. Tangi la ukubwa huu likijaa lina zaidi ya kilo 80. La sponji utalihamisha kwa nusu siku: samaki kwenye ndoo, mawe na mimea yake kwenye beseni, sponji ikiwa na maji, changarawe ukaiosha ukifika. La udongo huwezi kulihamisha, unalibomoa, na tope lote linapanda. Mwenye nyumba yake, mwenye dirisha zuri, anayepitiwa na mgao mara kwa mara na anayesafiri wiki mbili mbili, huyo ningemwambia udongo bila kumumunya maneno. Samaki wachache kwenye mimea mingi wanakaa wiki bila kulishwa na hawakondi.

Tangi lake amekatiwa na fundi vioo wa mjini Iringa, kioo cha milimita 6. Nilimsisitizia amuulize fundi kama silikoni ni ile isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, kwa sababu dawa hiyo inaua samaki, na aache ikauke wiki nzima kabla ya kutia maji. Ijumaa nitamtumia mzigo kwa basi la alfajiri: shina la Anubias nililolikata vipande viwili, vimefungwa gazeti lililoloweshwa, na sponji ya pili niliyoiacha miezi miwili iendeshwe kwenye tangi langu kwa ajili yake, ndani ya chombo chenye mfuniko nilioutoboa. Jioni ile ile akiipokea aitumbukize na awashe pampu, asiioshe.